UCHAMBUZI: Samaki wanahesabiwa kwa kompyuta, mvuvi hesabu haioni

Mwezi wa Disemba 2022, mjini Montreal nchini Canada, mkutano wa kimataifa wa viumbe hai ulipitisha mpango unaotaka ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ya dunia ziwe chini ya ulinzi. Shelisheli wao walikwishafika kwenye kiwango hicho cha bahari tokea Machi 2020. Nchi nyingine za mwambao wetu, Tanzania na Kenya zikiwemo, bado zina safari. Mwaka 2030 hauko mbali, na maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba kuna miamba ambayo leo inavuliwa na kesho itafungwa.

Ndipo tunapouliza: nani atachagua ni mwamba gani ufungwe, na atatumia nini kuchagua?

Jibu ambalo wengi wangelitoa ni "serikali" au "wafadhili". Si jibu baya, lakini halitoshi. Siku hizi baina ya bahari na meza ya waziri kuna kitu kingine kinachokaa katikati, nacho ni programu za kompyuta. Programu hizo ndizo zinazopokea hesabu za samaki na matumbawe, zikazikoroga, zikatoa nambari moja au ramani moja. Nambari hiyo ndiyo inayosafiri kwenye ripoti. Mvuvi wa Jibondo au wa Kizimkazi hukutana nayo mwisho kabisa, pale boya linapotiwa baharini na kuambiwa hapa basi.

Sisi hatuzipingi programu hizo. Tunaziona kuwa ni miongoni mwa silaha bora ambazo bahari yetu imepata. Lakini silaha huulizwa iko mikononi mwa nani, na hili la leo ndilo tunalotaka kulijadili.

Kwanza tuone kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu wengi wetu tuliokulia pwani tumewaona wazamiaji wakishuka na chupa za hewa mgongoni bila ya kujua wanaandika nini huko chini. Njia inayotumika sana ni ya utepe. Mzamiaji anatandaza utepe wa mita 50 juu ya mwamba, kisha anaogelea juu yake pole pole akihesabu kila samaki anayemwona mita mbili na nusu kulia na mita mbili na nusu kushoto. Jumla ni mita za mraba 250. Anaandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: pono wangapi, tasi wangapi, kangaja, changu, chewa, kikande, kipepeo. Mara nyingi anakadiria na urefu wao. Akimaliza anahamisha utepe, anaanza tena. Mwenzake anapima matumbawe, au anapiga picha za chini ili zikasomwe baadaye.

Kazi hii si mpya kwetu. Mtaalamu Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakihesabu miamba ya Kenya tokea miaka ya 1980. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina wataalamu wake. CORDIO ya Mombasa ilianza baada ya maafa ya 1998, pale bahari ilipopata joto na matumbawe kutoka Lamu hadi Msumbiji yakapauka na mengi kufa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kwetu hakuna wanaojua. Wapo, na wengine wanajua kuliko wanaokuja kuwafundisha.

Kibao kikishatoka majini, hesabu inaingizwa kwenye kompyuta, na hapo ndipo zinapoanza kazi programu zenyewe. Kwa miaka mingi mfalme alikuwa PRIMER, iliyozaliwa katika maabara ya bahari ya Plymouth hapa Uingereza. Ni programu nzuri, lakini leseni yake hulipiwa, na leseni ya kulipiwa kwa mwanafunzi wa Unguja ni mlango uliofungwa. Kisha ikaja R. Hii ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inatolewa bure kwa dunia nzima. Ndani ya R kuna vifurushi vya kila kazi. Kinachotumika zaidi kwa wingi wa aina za viumbe kinaitwa vegan, na aliyeongoza uundaji wake ni Jari Oksanen wa Finland. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkono wa pili na intaneti ya kuungaunga anaweza kukipakua usiku mmoja na asubuhi akawa na zana ile ile anayoitumia profesa wa Australia. Hilo si jambo dogo. Katika fani hii zana yenyewe haimtengi tena maskini na tajiri.

Sasa tuingie kwenye nambari. Kipimo ambacho utakikuta karibu katika kila ripoti ya hifadhi ya bahari kinaitwa fahirisi ya Shannon. La kushangaza ni kuwa Claude Shannon hakuwa mtu wa samaki hata kidogo. Alikuwa mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, na mwaka 1948 alitaka kupima ni kiasi gani cha habari kinachobebwa na ujumbe unaopita kwenye waya. Wanabiolojia waliazima fomula yake. Wazo ni hili: ukifumba macho ukamkamata samaki mmoja kwenye mwamba, ni vigumu kiasi gani kubahatisha atakuwa wa aina gani? Ikiwa ni vigumu, mwamba una mchanganyiko mkubwa na nambari inapanda. Ikiwa ni rahisi, kwa sababu karibu wote ni wa aina moja, nambari inashuka.

Tuchukue mfano mdogo, na msomaji anaweza kuuhakikisha mwenyewe. Mwamba wa kwanza una samaki 100 wa aina nne, 25 kwa kila aina. Fahirisi ya Shannon inatoka 1.39. Mwamba wa pili una samaki 100 wa aina nne zile zile, lakini 85 ni wa aina moja na zilizobaki zina watano watano. Fahirisi inatoka 0.59. Wataalamu wa leo hupenda kuigeuza nambari hiyo iwe "idadi ya aina zinazofanya kazi", na hapo mwamba wa kwanza unapata aina 4 na wa pili unapata 1.8. Yaani kwa macho ya kompyuta mwamba wa pili una chini ya aina mbili, ingawa mzamiaji ameziona nne.

Vizuri. Lakini tujiulize wale 85 walikuwa nani. Huenda lilikuwa kundi la vibua lililokatiza mbele ya mzamiaji asubuhi ile na kwenda zake. Mwamba haukuharibika, umepitiwa na neema tu, na nambari imeshuka. Mvuvi akiliona kundi lile atashukuru Mungu, ilhali ripoti itaandika kwamba wingi wa aina umepungua.

Na kuna lililo zito zaidi. Fahirisi hii haijui majina. Chukua ule mwamba wa kwanza, toa pono, toa chewa, toa changu, toa kikande, kisha weka mahali pao aina nne za visamaki vidogo ambavyo hakuna atakayevipeleka sokoni, 25 kila aina. Nambari inabaki 1.39, haikusogea hata kidogo. Mwamba umefilisika na hesabu haikusema kitu. Pono ndiye anayekwangua mwani ili matumbawe yapate kupumua. Kikande ndiye anayekula wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambao kila aliyewakanyaga anawajua, na utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya umeonesha kwamba kikande akivuliwa akaisha, wadudu hao hujaa na kuugugunda mwamba wenyewe. Babu zetu hawakuwa na fomula, lakini hawakuwahi kumchanganya pono na takataka.

Tunasema haya si kwa kuwafunza wataalamu kazi yao. Wao wanayajua, na ndani ya vegan kuna njia za kulinganisha miamba kwa kuangalia nani yupo na nani hayupo, wala si kwa nambari moja tu. Tatizo ni kwamba kinachofika kwa wanasiasa na kwa magazeti, yakiwemo tuliyowahi kuyafanyia kazi sisi wenyewe, ni ile nambari moja. Nambari ikipanda, hifadhi imefaulu. Ikishuka, wavuvi ndio waharibifu. Kurasa arobaini za maelezo hubaki kabatini.

Jambo jingine ni juhudi ya kuhesabu. Chumbe, kisiwa kilicho kusini-magharibi mwa Unguja, kimefungwa kwa uvuvi tokea 1994 na kinatajwa kuwa na aina zaidi ya 400 za samaki. Hatuna shaka na hilo, na sisi ni katika wanaojivunia Chumbe. Lakini mwamba uliozamiwa mwaka baada ya mwaka kwa miaka thelathini lazima uwe na orodha ndefu kuliko mwamba wa jirani uliozamiwa mara mbili. Kuziweka orodha hizo mbili bega kwa bega na kusema "tazama tofauti" ni kuwadanganya watu, hata kama kila samaki aliyeandikwa ni wa kweli.

Kwa hili nako kuna dawa. Mtaalamu wa takwimu wa Taiwan, bibi Anne Chao, alitoa mwaka 1984 njia ya kukisia aina ambazo hazikuonekana kwa kuangalia zile zilizoonekana kwa nadra. Tuseme umeorodhesha aina 60, na katika hizo 12 umeziona mara moja tu na 4 umeziona mara mbili. Chukua 12 uizidishe kwa 12, ugawe kwa mara mbili ya 4, unapata 18. Kwa hiyo mwamba una aina 78 kwa uchache, na 18 hukuziona. Kifurushi cha iNEXT, kilichotolewa na yeye na wenzake, kinafanya hesabu ya namna hiyo na zaidi: kinaishusha miamba yote kwenye kiwango kimoja cha juhudi ndipo kinailinganisha. Nacho ni cha bure. Ripoti inayolinganisha ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi bila ya kufanya hivyo haistahili kufungia mtu bahari yake.

Juu ya picha hatutakaa sana. Zamani mtu alikaa miezi akitazama picha za mwamba, moja baada ya moja. Sasa ipo CoralNet ya Chuo Kikuu cha California huko San Diego, na ipo ReefCloud ya taasisi ya bahari ya Australia. Zote mbili huweka nukta juu ya picha na mashine ikasema hii ni tumbawe, hii ni mwani, hii ni mchanga. Inakosea, na lazima binadamu aikague, lakini kazi ya miezi inakuwa ya siku. Bahari ilipopauka tena mwaka 2024, katika tukio ambalo wanasayansi walilitangaza kuwa la nne la dunia nzima, kasi hiyo ilikuwa na maana. Utafiti ulioongozwa na David Obura wa CORDIO na kuchapishwa mwaka 2022 uligawa magharibi ya Bahari ya Hindi katika sehemu 11, ukaona kwamba matumbawe ya sehemu zote 11 yamo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Nani basi atasema tusipime?

Tunarudi kwenye swali letu la mikononi mwa nani.

Programu ambayo kwa sasa inapendwa na mashirika mengi ya miamba inaitwa MERMAID. Imetengenezwa na mashirika ya uhifadhi ya WCS na WWF pamoja na kampuni ya Sparkgeo. Uzuri wake ni kwamba mzamiaji anaweza kuingiza hesabu akiwa kisiwani bila ya mtandao, programu ikamkamata papo hapo akikosea jina au akiandika urefu usiowezekana, kisha akifika mjini yote yakapanda kwenye seva. Ni ya bure. Lakini mwenye mradi anatakiwa achague moja katika mambo matatu: takwimu zake ziwe za siri, au muhtasari wake uwe wazi kwa umma, au ziwe wazi zote. Chaguo hilo hufanywa na mwenye mradi. Kijiji hakiulizwi, kwa sababu mradi si wake. Ni mwamba tu ndio wake.

Wasomaji watusamehe tukieleza kidogo ya kwetu. Zamani, tukiwa bado tunaripoti nyumbani, tulikwenda kwenye ofisi moja kuomba hesabu za samaki za eneo lililokuwa limefungwa, kwa sababu wavuvi walitwambia samaki hawakuongezeka na maofisa walitwambia wameongezeka maradufu. Tulikuwa tayari kuandika lolote kati ya mawili. Tulizungushwa wiki tatu, mwisho tukaambiwa hizo ni "za ndani". Miaka ikapita, tukaondoka kwa sababu ambazo si za makala hii. Leo, tukiwa ughaibuni na baridi dirishani, tunaweza kufungua hazina ya OBIS, iliyo chini ya UNESCO na yenye ofisi zake Ostend huko Ubelgiji, tukapakua bila ya ruhusa ya mtu rekodi za viumbe vya bahari ya Afrika Mashariki kadiri zilivyotumwa huko. Tulichonyimwa tukiwa kilomita chache kutoka baharini tunakipata tukiwa maelfu ya kilomita mbali nayo. Tumefurahi, na pia tumeona aibu.

Mtu asidhani kwamba usiri huu ni wa uzembe wa makarani tu. Itakumbukwa kwamba mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa anayetaka kutangaza takwimu zake apate kwanza idhini ya ofisi ya serikali, na kutangaza takwimu za kuzipinga zile rasmi kukawa ni kosa la jinai. Benki ya Dunia, ambayo si kawaida yake kupiga kelele, ilipiga kelele. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Lakini mtafiti aliyeishi miezi ile hakusahau. Ukimuuliza leo kwa nini takwimu zake ameziweka siri atakupa sababu kumi za kitaalamu, na ya kumi na moja hataitaja.

Na kwa upande wa pili, takwimu zilizo wazi zimewahi kuwasaidia wavuvi wetu. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti Tanzania Bara ulikuwa ni suala la maneno dhidi ya maneno: wanakijiji wakisema mabomu yanalia kila siku, viongozi wakisema hali imedhibitiwa. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita na chombo mwambao mzima wakivuta vipaza sauti vya chini ya maji, kisha kompyuta ikafundishwa kutambua mlio wa baruti. Ilipatikana milipuko zaidi ya 300 kwa muda ule mfupi, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, mji wenye wizara na polisi wa majini. Matokeo yakachapishwa kila mtu akayaona. Kuanzia hapo wanakijiji hawakuwa tena peke yao katika kusema waliyokuwa wakiyasema.

Tuje kwenye programu ambayo sisi tunaiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo haihesabu samaki. Inaitwa Marxan, na waliyoibuni ni Ian Ball na Hugh Possingham wa Australia. Kazi yake ni kuchagua mahali pa kufunga. Bahari inakatwa vipande vipande kwenye ramani, mamia au maelfu. Kila kipande kinaandikiwa viumbe vilivyomo, na hapa ndipo hesabu zote tulizozieleza zinapoingia. Kisha kila kipande kinaandikiwa gharama. Unaiambia programu: nataka asilimia 30 ya kila aina ilindwe, na gharama ya jumla iwe ndogo iwezekanavyo. Inajaribu michanganyiko mingi kupita kiasi, halafu inatoa ramani.

Neno la kuliangalia hapo ni gharama. Gharama ya nani? Programu haijui, inakula inacholishwa. Ikilishwa takwimu za uvuvi wa ngalawa na majahazi, itaepuka kufunga pale yanapovua. Ikiwa hakuna takwimu, wapangaji huandika kwamba kila kipande kina gharama sawa kwa ukubwa wake. Sasa fikiria maji makavu ya asubuhi pale Jambiani au Mkoani, na kina mama wanaotoka na vijiti kutafuta pweza mwambani, wanaookota chaza, wanaotanda dagaa kwa kanga. Hawana chombo chenye nambari, hawapiti diko la kuandikisha, mavuno yao yanaishia jikoni na kwa jirani. Katika hesabu nyingi za uvuvi hawamo. Wasipokuwemo, mahali pao panaonekana pa bei rahisi, na mashine iliyoamriwa kutafuta rahisi itapachagua. Haina ubaya na mtu, imefanya ilichoambiwa.

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Tunawapeleka Australia kwenyewe. Programu za aina hiyo zilisaidia kuupanga upya ule Mwamba Mkuu wa Great Barrier, na mwaka 2004 sehemu iliyofungwa kwa uvuvi ikatoka chini ya asilimia 5 ikawa kama asilimia 33. Lakini kabla ya hapo rasimu na ramani zilitolewa kwa umma, na maoni zaidi ya 31,000 yalipokewa kwa maandishi. Mistari ikahamishwa, kwa sababu watu walisema hapa ndipo ninapovua na hapa ndipo mtoto wangu anapojifunza kuvua. Kompyuta ilitoa pendekezo, watu wakalijadili. Kwetu, zana imekuja na mjadala umeachwa uwanja wa ndege.

Na Mafia inatufundisha gharama ya kuacha mjadala. Hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, chini ya sheria ya 1994. Mwanzoni watu wengi wa visiwani waliiunga mkono, kwa sababu walichoka na wapiga baruti kutoka nje na walitarajia mlinzi. Mtaalamu wa Kimarekani Christine Walley, aliyeishi huko na kuandika kitabu juu yake kilichotoka 2004, ameeleza jinsi matumaini hayo yalivyochacha pale wenyeji walipojiona wao ndio wanaolindwa bahari isiwafikie. Nyavu zao zikawa na makosa, mikutano ikawa ya kupewa taarifa. Samaki huenda waliongezeka. Ila mtu asiyeoneshwa hesabu atakuaminije ukimwambia wameongezeka?

Tunaujua utetezi unaotolewa na baadhi ya maofisa, kwamba mambo haya ni ya kitaalamu na mwanakijiji hatayaelewa. Tunaukataa. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wavuvi wenyewe walitenga kipande cha bahari yao mwaka 2005, wakakiita tengefu, na wakavumilia mpaka samaki wakarudi. Unguja na Pemba viko vijiji ambavyo, vikisaidiwa na mtandao wa Mwambao, vinafunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha siku ya kufungua wanapima kila pweza kwa mizani na kuandika. Hao ni watu wanaojua juhudi ya kuhesabu ni nini, kwa sababu wamekuwa wakibishana juu yake ufukweni: jana tulitoka kumi, leo tumetoka arubaini, usinambie leo ni nyingi. Anne Chao angewaelewa mara moja.

Kwa hiyo madai yetu ni machache. Kila kamati ya kijiji iliyomo ndani ya hifadhi, na Mafia kamati hizo zipo tayari, ipelekewe kila mwaka karatasi kwa Kiswahili: miamba gani ilizamiwa, mara ngapi, mwezi gani, pono wangapi, chewa wangapi, kikande wangapi, ndani na nje ya mpaka, kwa majina wanayoyatumia wenyewe. Takwimu ghafi ziwekwe wazi, na lile chaguo la siri katika MERMAID liwe ni jambo la kutolewa sababu. Na kabla ya Marxan kuwashwa kwa ajili ya hiyo asilimia 30, mtu akae mwezi mzima wa mwandamo ufukweni, bamvua mbili na maji mafu mawili, aandike kina mama wanakwenda wapi na wanarudi na nini.

Wanafunzi wetu wa ughaibuni nao wana la kufanya. Tunawajua wanaosoma takwimu na kompyuta hapa Uingereza, Marekani na Muscat, wanaotafuta mada ya shahada kila mwaka. Rekodi za OBIS ziko wazi, R ni ya bure, na maelezo ya vegan kwa Kiswahili hatujayaona popote.